Kamera inasoma 400°C lakini tabaka zinabanduka: joto la chini ya rola tulipateje?

TepuKaboni
Wakuu, tunalaza tepu ya nyuzi za kaboni na PEEK (plastiki inayoyeyuka kwa joto kali), rola inaikandamiza juu ya tabaka la chini, unene 0.14 mm, roboti inaenda 100 mm kwa sekunde, inayopasha ni leza. Kamera ya joto inaonyesha 400°C mbele ya rola, ila tabaka zinabanduka kwa mkono. Pale tepu inapogusana na tabaka la chini, rola imeziba, kamera haioni. Nahitaji joto la hapo, papo hapo, liongoze nguvu ya leza.

Nyuzi343
Mkuu, hiyo 400 ni ya uso kabla ya kuingia kivulini, sehemu ambayo rola inazuia leza. Kivuli cha rola kikiwa mm 5, kwa mwendo wako ni milisekunde 50 bila leza. Muda huo unatosha joto la uso kuzama unene wote wa tepu, hivyo uso umeshapoa. PEEK huyeyuka 343°C. Chini ya hapo kuungana huwa hafifu.

Tumia modeli ya mwelekeo mmoja tu, wa unene. Gawa kila tabaka vipande 4. Joto husambaa kwa takriban 0.4 mm² kwa sekunde, kwa hiyo ukipiga hesabu ya moja kwa moja (explicit: joto la hatua ijayo linatokana na la hatua iliyopita) hatua ya muda isizidi milisekunde 1.5, la sivyo namba zinalipuka. Weka milisekunde 1. Kila picha ya kamera ikija, kichujio cha Kalman (hesabu inayochanganya modeli na vipimo) kisahihishe makadirio. Wengi hukosea hapa: picha huchelewa. Sahihisha hali ya wakati picha ilipopigwa, kisha sogeza modeli hadi sasa.

ChiniYaRola
Kwanza kagua kamera. Kama kuna mtu aliweka emisiviti (kiwango cha uso kutoa mionzi ya joto) 0.7 badala ya karibu 0.9, inasoma juu kuliko ukweli. Na kioo cha kinga kiwe cha germani (elementi ya germanium). Cha kawaida hakipitishi mionzi ya mikromita 8–14.

Halafu laza themokapo (waya wa kupimia joto) ya aina K, waya mwembamba wa 0.08 mm, kati ya tabaka. Kilele cha kwanza kipuuze, ni leza inayopiga waya wenyewe. Unachotaka ni mteremko baada ya tepu kuufunika: huo ndio unakupa kiasi cha joto ambacho rola inanyonya.

TepuKaboni
Rola ni ya silikoni. Namba hiyo inabaki ileile siku nzima?

ChiniYaRola
Haibaki. Asubuhi rola ni baridi, inanyonya zaidi. Joto la rola liingize kwenye modeli kama kigezo kinachokadiriwa.