Re: Kontena la misaada kwa ndugu zetu wa Rufiji

Kutoka: Katibu, Reading

Ndugu wanajumuiya wa Kitanzania hapa Uingereza, habari za jioni. Mmeona picha za mafuriko ya Muhoro na Chumbi, kule Rufiji. Waziri Mkuu ameliambia Bunge mwezi huu wa Aprili 2024 kwamba mvua hizi zimeua watu 155 nchi nzima na kuathiri zaidi ya 200,000. Napendekeza tujaze kontena la futi 20: nguo, mablanketi, viatu. Ukumbi tumeshapata. Mwenye mzigo aulete Jumamosi.

Kutoka: Leicester

Katibu, pole na kazi, na asante kwa kulianzisha. Naomba unisikilize kabla hujalipia nafasi melini.

Kwetu ni Katesh, chini ya Mlima Hanang. Alfajiri ya Jumapili ile, 3 Desemba 2023, Mlima Hanang ulipomeguka na tope kushuka na mawe na magogo, nyumba ya mama mdogo ilikuwa njiani. Alipona. Zaidi ya watu 80 hawakupona. Sisi huku tulilia, kisha tukakimbilia kukusanya nguo. Kontena likaondoka kabla ya Krismasi, wakati uleule meli zilipoanza kukwepa Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi ya Wahuthi na kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema. Lilifika Dar mwezi Machi. Hatukuwa tumeomba msamaha wa kodi mapema, kwa hiyo siku za bure bandarini zikaisha, tukawa tunalipia kila siku kontena kukaa tu. Ndani yake mlikuwa na marobota ya nguo za ndani, ambazo zikiwa mtumba haziruhusiwi kuingia Tanzania. Hela tuliyotoa ilizidi thamani ya mzigo wenyewe.

Na mama mdogo alikuwa ameshavaa. Malori ya Watanzania wenzake yalifika Katesh wiki ileile.

Alichohitaji ni hela, na hapo pia nilikosea. Nilimtumia siku ya pili, ikaingia kwenye laini iliyokuwa chini ya tope pamoja na kitambulisho chake. Kurudisha laini kunataka namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na alama ya kidole, na ile namba hakuwa ameikariri. Siku nne mtu mzima analala darasani, hela yake ipo na haishikiki! Mwisho nilituma kwa mwalimu jirani ambaye simu yake ilikuwa hewani. Kwa hiyo ndugu zangu, piga kwanza, uliza ni laini ya nani inayofanya kazi, hakikisha jina linalotokea ni la huyo huyo, kisha tuma kidogo kidogo, maana baada ya maafa wakala naye hana floti, hela ya kukulipa. Na namba ya NIDA ya mzazi wako iandike leo, uitunze huku.

Kutoka: Milton Keynes

Mwanangu wa Leicester, pole sana kwa yaliyowapata.

Mimi ni mtu wa Rufiji. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali ilituhamishia juu, ndiyo Operesheni Rufiji, lakini mashamba yalibaki bondeni na watu waliendelea kushuka kulala kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, kulinda mazao. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubishi. Bonde ndilo linalolisha.

Sasa sikilizeni. Maji yakishuka yanaacha udongo mweusi wenye unyevu, na hapo ndipo tunapopanda mlau: mahindi, kunde, maboga. Mlau hausubiri, udongo ukikauka basi. Safari hii maji yamechukua mpaka mbegu zilizowekwa ghalani. Kontena likiondoka mwezi ujao litafika mlau umeshapita. Mbegu zinauzwa Dar na Ikwiriri, jembe na panga vilevile. Nilizungumza na mdogo wangu aliye kambini, sikumsikia akitaja nguo hata mara moja. Alitaja mbegu, chandarua na sufuria.

Kutoka: Katibu, Reading

Shikamoo mzee. Dada, asante, nami pole ya mama mdogo naileta rasmi, nimechelewa.

Kontena nimelisitisha. Michango ya jumla tupeleke Msalaba Mwekundu wa Tanzania, kwa sababu sisi hatujasajiliwa, na hapa Uingereza chama cha hisani kikivuka pauni 5,000 kwa mwaka kinatakiwa kusajiliwa. Sitaki hela ya wafiwa ipite kwenye akaunti ya mtu mmoja. Ya mbegu iwe pembeni: mzee, naomba mdogo wako atuulizie kwa afisa ugani na Kamati ya Maafa ya wilaya mbegu zipi na kilo ngapi kwa kaya, tulipe dukani moja kwa moja na risiti ziwekwe hapa kila mtu azione.

Kutoka: Milton Keynes

Marahaba mwanangu. Nampigia usiku huu, wao wakiamka.