Mrejesho: jaribio la menyu ya vishale sasa linapita kwenye seva

Niliuliza kwa nini jaribio la menyu ya Python inayoendeshwa kwa vitufe vya mishale linapita kwenye kompyuta yangu, ila kwenye seva ya majaribio linakufa na `termios.error` namba 25 (kosa la kusema kifaa si terminali, yaani si dirisha la amri). Limetatuka. Seva haina terminali, na `tty.setcbreak()`, inayoiwezesha programu kusoma kitufe kimoja kimoja bila kusubiri Enter, haikubali paipu (ingizo linalotoka kwenye amri nyingine), hivyo `echo | python menyu.py` ni kazi bure. Suluhisho ni pexpect, maktaba ya Python ya kuendesha programu nyingine: `pexpect.spawn()` huipa programu terminali bandia.

Mtego: `setcbreak` hutumia chaguo la TCSAFLUSH, linalotupa vitufe vilivyotumwa kabla yake. Ukituma mapema, jaribio linaning'inia sekunde 30, muda wa kawaida wa pexpect kusubiri. Programu ichapishe menyu baada ya `setcbreak`, jaribio liisubiri kwa `expect()`, ndipo litume `\x1b[B` kushuka na `\r` kuchagua.