Mwanafunzi wangu ameandika kwamba wanaume wa Tanga ni wavivu, na sarufi yake haina kosa

Mwalimu wa Chumbageni

Wadau, habari za jioni. Kwa miaka kadhaa ninajipatia riziki kwa kuwafundisha Kiswahili wageni wanaohamia Tanga kwa kazi za miradi, hospitali na shule, ambao wengi wao hutoka Ulaya na Marekani, hukaa miaka miwili au mitatu, kisha hurejea kwao. Katika muda huo nimeona jambo linalojirudia kwa karibu kila mmoja. Mwezi wa kwanza mgeni huuliza maswali kutwa nzima: hiki kinaitwaje, kwa nini yule amevaa vile, mbona duka limefungwa. Ukifika mwezi wa tatu maswali hupungua, na mahali pake huja sentensi zinazoanza kwa maneno "watu wa Tanga". Najua hazitoki kwa watu wa Tanga, kwa kuwa Kiswahili chake wakati huo hakijatosha hata kununulia fungu la nyanya bila kuonyesha kwa kidole. Hutoka kwa wageni wenzake, kwenye meza za chakula cha Jumapili kule Raskazone, ambako aliyeutangulia mji huu kuliko wengine ndiye hugeuka mwalimu wa wote.

Juma lililopita nilimpa kijana mmoja, mpole na mwenye bidii, zoezi la kuandika juu ya mtaa anaoishi. Aliandika hivi: "Wanaume wa Tanga hulala mchana chini ya miti. Wanawake ndio wanaofanya kazi. Wakisema ndiyo, maana yake ni hapana. Hawajali saa." Ngeli zote zilikuwa mahali pake, na kalamu yangu nyekundu ikakosa pa kugusa. Nilimpa alama zake, nikarudi nyumbani na dukuduku.

Naomba ushauri wenu. Nimjibu vipi bila kumhubiria na bila kumwonyesha hasira, ikizingatiwa kwamba ndiye anayenilipa? Na swali la pili nauliza kwa haya kidogo: je, hakuna ukweli wowote katika hayo aliyoyaandika?

Mvuvi wa Deep Sea

Mwalimu, salaam aleikum. Macho ya huyo kijana ni mazima, kwa sababu mimi ni mmoja wa hao aliowaona wamelala. Sisi wavuvi wa dagaa huondoka pwani jua likitua, tukafika gizani mahali pa kuvulia, tukawasha taa (zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za betri), kisha tukasubiri dagaa wajikusanye chini ya mwanga ndipo tushushe wavu. Tunarudi alfajiri, na mnada huanza kabla jua halijakolea. Hao wanawake anaowasifu ndio wanunuzi wetu, nao huchemsha na kuanika, kwa hiyo kazi yao huanza pale yetu inapokwisha. Saa nne asubuhi, mgeni anapopita na baiskeli yake, mimi niko chini ya mti wa mkungu nikiwa nimekesha usiku kucha. Yeye usiku huo alikuwa ndani ya chandarua, na sijapata kumwita mvivu.

Kuna jambo jingine ambalo ni vigumu kulijua bila kuambiwa. Mwezi ukiwa mpevu bahari nzima huwa na mwanga, na dagaa hawana sababu ya kuifuata taa yangu, kwa hiyo vyombo hukaa nchi kavu siku kadhaa mfululizo. Siku hizo ndizo zetu za kukalafati (kuziba nyufa za vyombo), kushona nyavu, kwenda hospitali na kuhudhuria harusi. Mgeni akihamia Tanga wakati wa mbalamwezi ataiona pwani imejaa vyombo visivyokwenda na wanaume wanaocheza bao, na habari ya kwanza atakayompelekea mama yake itakuwa ndiyo hiyo ya kwenye zoezi lako. Angehamia wiki mbili baadaye angeandika nyingine kabisa. Hapo sijataja upepo wa kusi, ambao ukishika kasi mwezi wa Juni na Julai huwazuia wenye vyombo vidogo hata kama giza ni totoro.

Mjukuu wa Manamba

Napenda kuongeza upande wa historia, kwa kuwa neno "mvivu" katika mkoa huu ni la siku nyingi, na lilizaliwa katika hesabu za mishahara.

Mkonge uliingia mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida, ambayo 62 tu ndiyo iliyofika Tanga ikiwa hai. Kutokana na hiyo michache mashamba yalienea mpaka yakahitaji maelfu ya watu wa kukata majani yenye miiba juani. Sasa mjiulize: Mdigo mwenye minazi yake, au Mbondei mwenye mihogo na mahindi yake, aache shamba lake wakati wa palizi akakate mkonge wa mwingine kwa ujira mdogo, kwa sababu gani? Wengi hawakwenda, au walikwenda kwa siku chache walipohitaji fedha ya kodi, kisha wakarudi kwao. Huo ni uamuzi wa mtu anayejua kuhesabu. Lakini mlowezi aliyekosa vibarua hakulaumu ujira alioutoa, alilaumu tabia ya waliokataa kuupokea, na kule Usambara utawala wa Kijerumani ulifikia hatua ya kuwagawia wanaume kadi zilizowalazimu kuwafanyia kazi walowezi siku 30 katika kila miezi minne. Mtu akilazimishwa kumlimia jirani huku magugu yakimeza shamba lake, hawezi kuonekana mchangamfu.

Waingereza waliyapokea mashamba pamoja na maneno yake. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, ikawaleta watu kutoka mikoa ya mbali, akiwamo babu yangu kutoka Kigoma. Waliitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa, na walilipwa kwa kipande, yaani mpaka kadi ijae siku 30 za kazi iliyokamilika. Hapa lazima niseme lisilopendeza. Babu yangu huyo, ambaye msimamizi alimwita mvivu kila alipougua homa, alikufa akiamini kwamba Wadigo ni wavivu, na hilo alilisema huku akila wali wa nazi zilizoangushwa na Mdigo. Kwa hiyo ukimjibu mwanafunzi wako, usimfanye aonekane kwamba yeye ndiye wa kwanza kulisema. Sisi wa kutoka bara tumelisema kwa Kiswahili safi kuliko chake.

Msambaa wa Lushoto

Nakubaliana na Mjukuu, ila tusisahau utani. Abiria wa bara akishuka Tanga humtania mwenyeji kwa usingizi na mahaba, mwenyeji humrudishia kwa ubahili na haraka zisizo na pa kwenda, wote wakacheka na kununuliana kahawa. Mgeni aliyekaa pembeni husikia upande mmoja, hukiacha kicheko, kisha huandika kwamba Watanzania wenyewe wamemthibitishia.

Fundi wa Makorora

Mimi ni seremala, nami sitaki tujitakase kupita kiasi, kwa sababu katika hilo la "ndiyo" ambayo ni "hapana" kijana ana haki nusu.

Nusu ya kwanza ni ya lugha. Kwetu kumkatalia mtu usoni, hasa mgeni au mzee, ni utovu wa adabu, kwa hiyo tuna maneno ya kukataa ambayo kila mwenyeji huyaelewa: "tutaangalia", "nitajitahidi", "Mungu akipenda" linalosemwa huku mtu anatazama kando. Mwenyeji akiyasikia huenda kumtafuta fundi mwingine siku hiyohiyo. Mgeni huyaandika kwenye kalenda. Hapo, Mwalimu, ni kazi yako kumfundisha, na nadhani ni somo lenye manufaa kuliko ngeli. Mfundishe na saa pia, kwa maana nimewahi kumsubiri mteja wa kigeni tangu saa mbili asubuhi hadi nikakata tamaa, kumbe yeye kwa "saa mbili" alikusudia baada ya adhuhuri, na aliponikosa alinisimulia kwa wenzake.

Nusu ya pili ni yangu mwenyewe. Nimepata kupokea malipo ya awali ya kabati nikanunulia mbao za kitanda cha mtu wa kabla yake, kisha nikasema "kesho" mara tano. Mteja huyo alikuwa na haki ya kuniita mwongo. Hakuwa na haki ya kuwaita waongo watu wa Tanga, ambao wengine wamenidai vilevile. Na kwa kuwa tunasema ukweli, bei niliyompa ilikuwa ya juu kuliko ya jirani yangu, kwa sababu tu nilimwona ni Mzungu nikahesabu kwamba fedha anazo. Baadaye nilisikia kwamba alikuwa mwalimu wa kujitolea anayepewa posho ya chakula.

Mwalimu wa Chumbageni

Nawashukuru nyote. Nahodha, niwie radhi ikiwa cheo hicho si chako. Nimeamua kutomjibu kwa maneno. Zoezi lake linalofuata litakuwa kwenda pwani alfajiri na kumhoji mtu mmoja aliyelala usiku wa jana na mmoja asiyelala, kisha kuandika majina ya vifaa vyao vyote, huku neno "watu" likiruhusiwa pale tu anapotaja idadi. Fundi, la saa nimeliweka katika somo la Jumanne, na la maneno ya kukataa naliandalia orodha. Je, twende siku gani ili tusikute vyombo vimelala?

Mvuvi wa Deep Sea

Unahodha ni wa kaka yangu, mimi ni wa kuvuta wavu. Hesabu kuanzia mwezi mpevu, ruka siku kumi, kisha njooni asubuhi yoyote kabla ya saa kumi na mbili. Mwambie kijana avae viatu asivyovionea uchungu, na asije na gari, maana njia ya kushukia hujaa ndoo. Akipenda kutoka nasi usiku nafasi ipo, lakini atavuta kamba kama wengine.