Eti ninawe kwa UMANDE! Nyapara wetu yuleyule, jamani

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, sijala wala sijaoga. Mods, msifute uzi huu.

Jina simtaji, hakuna haja. Yule mwenye filimbi. Kila aliyewahi kuchuma kwenye lile shamba anamjua, hata nyanya zinamjua, akipita zinaiva kwa hofu.

Leo asubuhi kimeshushwa choo cha kuhamishika, cha plastiki, pamoja na tenki la kunawia lenye koki mbili. Tumeshangilia! Tangu Machi 11, 2020 korona ilipotangazwa kuwa janga la dunia tunahubiriwa sabuni na sekunde 20, tangazo limebandikwa mpaka kwenye lori, maji ndiyo hatujawahi kuyaona. Tukapangwa mbalimbali, barakoa usoni, tukapigwa picha, yeye mbele anachekelea. Picha ikaisha, tukarudi mistarini.

Saa nne na nusu nikabanwa, nikaenda. Aliyewahi kuchuma nyanya anaijua mikono yetu: ule ukijani wa majani unakauka unakuwa mweusi kama lami, umejaa mpaka chini ya kucha, na juu yake dawa iliyopulizwa juzi. Nikapaka sabuni hadi viwikoni, nikafungua koki. Koki ikakohoa. Ikatema BUIBUI. Tenki halikuwa limetiwa hata tone!

Nikamfuata na povu langu, nikasema kwa heshima, "Mkuu, tenki halina maji." Hata uso hakuinua kwenye simu. "Umande umejaa kwenye majani, nawa kwa huo."

Umande! Saa nne na nusu, jua limekausha mpaka mate ya watu! Kugeuka, msaidizi wake anakitia choo kufuli, eti kisichafuke kabla ya wakaguzi.

Kirusi chenyewe kimevaa koti la mafuta, sabuni na maji ndivyo vinavyolichana. Umande utachana nini? Povu limenikaukia mikononi, nimefutia suruali, nimerudi kuchuma nyanya zitakazoliwa na watu. Nyumbani nina mama anayeumwa kifua. Nimshike mkono nimwambie nimenawa kwa umande?

UMANDE!

Jembe Halilali: Mleta mada, umande wa saa nne na nusu ungeutoa wapi? Ungewahi kuamka ungeukuta 😂😂

Mama Ndoo: Nyie wanaume mnaingia nyuma ya mti mnamaliza. Sisi hatunywi maji tangu alfajiri, makusudi, ili tusibanwe. Juani hivyo hivyo mpaka kichwa kinagonga. Wiki jana mwenzetu kaanguka mstarini. Mkojo unatuchoma tumezoea. Hilo kufuli linaniuma kuliko umande wako.

Mleta mada: Pole sana dada, kufuli nalo limeniuma. Ila hukumsikia alivyolitamka. "Umande umejaa." Sauti ileile anayoitia mbwa wake.

Mkongwe wa Shamba: Wadogo zangu, haya mambo yameandikwa. Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, ibara ya 19, unataka mfanyakazi wa shambani apewe huduma za kumsitiri bila kutozwa chochote. Marekani kanuni ipo tangu 1987: shamba lenye wafanyakazi 11 na kuendelea, choo kimoja na mahali pa kunawia kwa kila watu 20, mwendo usizidi robo maili, yaani kama mita 400.

Jembe Halilali: Mzee, anayefunga choo kwa kufuli hasomi ibara.

Chuma Tukauze: Sisi tuligawiwa kitakasa mikono. Kwenye mikono yenye tope! Mikono ikiwa michafu ile kitu haifanyi kazi inavyotakiwa, unabaki na tope linalonuka spiriti.

Fundi Dumu: Tengenezeni kibuyu chirizi. Dumu, kamba, kijiti cha kukanyaga, sabuni ining'inie pembeni. Unanawa bila kugusa kitu. Letu lilifanya kazi siku tatu, nyapara akalichukua dumu akawekea mafuta ya pikipiki.

Mleta mada: Huyo na wangu wamezaliwa tumbo moja.

Abiria wa Bodi: Angalau nyie mna tenki la kupigia picha. Sisi tunapakiwa sitini lori moja, tunapumuliana visogoni njia nzima, tukishuka ndiyo tunapigiwa kelele tukae mbalimbali. Juzi mtu kakohoa, lori zima likainama.

Ndoo Kumi: Lori afadhali. Mizani je? Ndoo imejaa mpaka inamwagika, mizani inasoma nusu.

Mama Ndoo: Hapo kwenye mizani umenigusa. Kwetu anaikanyaga kwa kidole cha mguu, ukimwangalia anakohoa.

Chuma Tukauze: Wote wanakanyaga!! Nilidhani ni wa kwetu peke yake.

Mleta mada: Wakuu, turudi kwenye umande.

Ndoo Kumi: Mama Ndoo, hiyo yenu ni ya saa au ya kuning'iniza? Yetu ina waya kwa chini, nimeuona kwa macho yangu.