Mrejesho: tangi jipya na amonia iliyokuwa inaniulia samaki

Wakuu, mwezi na nusu uliopita nililia hapa: tangi jipya la lita 60, samaki wa dhahabu watatu wanahemea juu ya maji, amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) miligramu 2 kwa lita. Mmoja alikufa kesho yake. Wawili wako hai, asanteni sana.

Nilipunguza chakula, nikabadilisha robo ya maji kila siku kwa maji ya bomba yaliyolala kwenye ndoo wazi ili klorini itoke. Ila kilichookoa jahazi ni ule ushauri wa kuomba sponji chafu ya kichujio kwa mwenye tangi la zamani. Nilicheka, kumbe ndimo wanamoishi bakteria wanaoiondoa amonia! Siku ya 11 amonia ikasoma 0.

Kisha nikaharibu mwenyewe: niliiosha sponji bombani, klorini ikaua bakteria, nitriti (sumu nyingine, inayotokana na amonia) ikapanda, wiki mbili nyingine za kubeba ndoo. Sasa naisuuza kwa maji niliyoyatoa tangini. Tangu Jumamosi amonia na nitriti zote 0.

Wa tatu sinunui. Mlisema lita 60 ni ndogo hata kwa hawa wawili, natafuta tangi kubwa.