Lenzi ya 300 itatosha kwa ndege za kivita?

Wakuu, habari zenu. Niko Tanga, napiga picha za harusi. Julai naenda Uingereza kwa dada, na shemeji keshakata tiketi za maonyesho ya ndege pale Fairford. Nina kamera ya Canon ya zamani na lenzi ya milimita 70-300. Nimejizoeza Raskazone kwa ndege wa manyoya, kunguru na mwewe: spidi ya shata ya 1/500 ya sekunde wanatoka ukungu, 1/1600 wanatulia. Lakini ndege ya kivita kama Typhoon si mwewe! Niazime lenzi ya 400 au nibaki na hii? Na mbingu ikiwa na mawingu meupe, ndege inatoka nyeusi tii kama sufuria la kuni. Mnaongeza mwanga kiasi gani? Ule mvuke unaotanda juu ya mabawa ikikata kona nao mnauwahije?