Nataka michemraba ya kijani, napata vijiti vya buluu

mpika_fuwele: Wakuu, naombeni msaada. Niko mwaka wa kwanza wa uzamili, natengeneza fuwele nano (fuwele ndogo mno) za perovskaiti, CsPbBr3, yaani sesiamu, risasi na bromini. Nayeyusha bromidi ya risasi ndani ya oktadesini, ambayo ni kiyeyushi, pamoja na asidi oleiki na oleilamini, zinazoshika uso wa fuwele. Hita ikisoma 170 °C, nadunga oleati ya sesiamu (sesiamu iliyounganishwa na asidi oleiki) kwa mkupuo mmoja, nahesabu hadi tano, chupa naizamisha kwenye barafu. Natarajia kijani. Mara tatu sasa, chini ya taa ya urujuanimno, ni buluu tu, na hadubini ya elektroni inaonyesha vijiti vimejipanga kama kuni. Vipimo ni vilevile vya daftari la aliyenitangulia, na yeye alipata michemraba! Umbo linaamuliwa na nini hasa?

barafu_tayari: Umesema "hita ikisoma". Ndani ya chupa umewahi kupima? Kundi moja la watafiti wa Berkeley, Marekani, mwaka 2015 lilipata michemraba kwenye 150 °C, vibao kwenye 130 na vibao vyembamba zaidi kwenye 90. Fuwele ikiwa nyembamba huwaka buluu, kwa hiyo buluu yako inanifanya nishuku maji hayajachemka na unga umeshamimina.

mama_sirinji: Hivyo unavyoviona naamini si vijiti, mkuu. Ni vibao vimesimama kwa ubavu, vimeegemeana. Inamisha sampuli kidogo kwenye hadubini, utaviona vinapanuka.

Kwa nini vibao? Oleilamini ikipokea protoni kutoka kwenye asidi inakuwa amoniamu, na kichwa chake kinakalia nafasi ya sesiamu juu ya fuwele. Joto likiwa dogo kichwa hicho haking'oki upesi, kwa hiyo upande ule unaacha kunenepa na fuwele inatanuka pembeni tu. Joto likipanda, amoniamu inaachia, sesiamu inaingia, pande zote zinakua sawa. Ndiyo maana aina ya amini (kundi la oleilamini) nayo ina usemi: yenye mkia mfupi wa kaboni inasukuma zaidi kuelekea vibao. Lakini usianze kuchezea vipimo kabla ya joto. Mimi niliwahi kumwaga oleilamini ya ziada, nikaishia na Cs4PbBr6, kitu cheupe kisichowaka kabisa. Wiki nzima imekwenda.

Halafu oleati yako, unaidunga ikiwa moto? Ikipoa inaganda.

mpika_fuwele: Nimerudi. Nimetumbukiza kipimajoto ndani: hita inasema 170, mchanganyiko uko 128. Nimeona aibu. Kumbe kile kihisio kimefungwa nje ya chupa, na aliyenitangulia alikuwa na hita nyingine. Oleati nayo nilikuwa naiacha mezani mpaka inakuwa na ukungu, nikidhani ndivyo ilivyo.

Leo nimesubiri 170 ya ndani, oleati nimeipasha hadi 100. Nilipodunga tu, rangi ikageuka kabla sijafika "mbili". Kijani! Picha za hadubini ni Alhamisi. Mama_sirinji, na zile za zamani nitaziinamisha.